Kwa mnaoanza na PDI: ulizeni sistini kabla hamjaamini grafu

Wadogo zangu mlioingia maabara muhula huu, nimewaangalia kwa muda na leo nimeamua kusema. PDI ni kimeng'enya kinachounganisha, kukata na kupanga upya vifungo kati ya sistini, zile asidi amino zenye salfa, za protini nyingine. Wiki hii nimeona jeli ambayo DTT, kemikali inayokata vifungo vya sistini, imevuja kutoka kisima kimoja na kuharibu sampuli ya jirani iliyotakiwa isiguswe na DTT kabisa. Nimeona oda ya praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kubadilishia jeni, yenye namba zisizo zake. Na kwenye kikao cha Ijumaa nimemsikia mtu akitangaza kwamba PDI yake imekufa, wakati hajui hali ya sistini zake hata moja. Hakuna jipya hapo. Sisi tuliyafanya hayohayo, waliotutangulia waliyafanya, na madaftari yao yapo kabatini kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Hamyasomi. Basi nawaandikia mimi, kwa haraka na kwa mapenzi, na mtanisamehe nikiwa mkali.

1. Anza na namba 17.

Protini kamili inayosomwa kutoka kwenye jeni ina asidi amino 508. Kumi na saba za mwanzo ni kipande cha kuiingiza kwenye retikulamu (sehemu ya seli protini zinakokunjwa), nacho hukatwa, zikabaki 491. Kuna makala zinazohesabu tangu mwanzo wa 508 na kuna zinazohesabu tangu mwanzo wa 491. Kwa hiyo sistini za eneo tendaji la kwanza ni 53 na 56 kwa mwandishi mmoja, 36 na 39 kwa mwingine. Za eneo la pili ni 397 na 400, au 380 na 383. Ni zilezile. Plazmidi yetu haina kile kipande cha mwanzo lakini ina histidini sita mbele, lebo ya kuisafishia kwenye safuwima ya nikeli, kwa hiyo programu ya kompyuta inakupa hesabu ya tatu isiyolingana na makala yoyote. Msitegemee namba. Tafuteni WCGHC, herufi za asidi amino za eneo tendaji (C ni sistini), kwa macho, kisha andikeni daftarini mmetumia mfumo upi wa kuhesabu. Hilo peke yake lingeokoa praima za wiki hii.

Mnaotaka kujipima, chukueni badiliko la Tyr393Cys. Anzeni kwenye sistini ya 397 mrudi nyuma: triptofani, prolini, alanini, tairosini. Hatua nne, mmefika 393. Mkiitafuta tairosini hiyo kwenye mfuatano wa 491 kwa namba 393 hamtaikuta, na hapo ndipo watu huanza kudhani makala imekosea.

Na msiipite tairosini hiyo harakaharaka. Mwaka 1987 madaktari Cole na Carpenter walieleza watoto ambao mifupa yao ilivunjika kirahisi, viungo vya fuvu vilifunga mapema kuliko kawaida, maji yalijaa kichwani na macho yalitokeza mbele. Ilibidi kungoja hadi 2015 ndipo Rauch na wenzake wakaonyesha kwamba wagonjwa waliowachunguza walikuwa na badiliko hilohilo moja kwenye jeni la PDI. Tairosini imeondoka, sistini imeingia, hatua nne kutoka eneo tendaji la pili. PDI iliyokomaa ina sistini sita: nne za kazi kwenye maeneo mawili ya CGHC, na mbili zilizojificha ndani ya kikoa cha b′, kimoja cha vipande vinne vilivyojikunja vinavyoiunda. Mtoto huyu ana ya saba, na imekaa mahali pabaya kuliko pote. Ningependa kila mmoja wenu afikirie mifupa ile anapoandika kwenye ripoti kwamba "sistini ya ziada haitarajiwi kuleta tofauti."

Kwa nini mifupa? Kwa sababu PDI ina kazi ya pili. Mwaka huohuo wa 1987 kundi la Kivirikko, Oulu nchini Finland, lilikuta kwamba sehemu ya beta ya prolili 4-haidroksilezi, kimeng'enya kinachoitengeneza kolajeni na kinachohitaji vitamini C, ni PDI yenyewe. Ndiyo maana jeni linaitwa P4HB. Kila mwaka kuna mtu anakuja kuniambia jeni la PDI halipo kwenye hifadhidata. Lipo. Andika P4HB.

2. Bomba lisiloandikwa hali ya sistini halina thamani.

Naomba hili mlishike. Mkiandika "PDI, mikromola 40, tarehe" juu ya bomba, hamjaandika kitu. Sistini za CGHC zimefungana au ziko huru? Ni kimeng'enya kimoja chenye maumbo mawili, na tabia zake mbili zinatofautiana.

Mnajua mpangilio: a, b, b′, kiungo cha x, a′, kisha mkia wenye asidi nyingi unaoishia na KDEL, alama ya kuibakiza kwenye retikulamu. Vikoa vyote vinne vina mkunjo wa thioredoksini, vya pembeni viwili ndivyo vyenye CGHC. Muundo wa PDI ya hamira ulipotoka mwaka 2006 tuliona herufi U iliyopinda, maeneo tendaji mawili yakitazamana juu ya uwazi. Ya binadamu ilikuja 2013 kutoka Beijing, katika hali zote mbili, na hapo ndipo penye somo. Sistini zikiwa huru, a′ inajipinda kutoka kwenye bapa la vile vitatu vingine na maeneo tendaji yanakaribiana hadi angstromu 28 hivi. Sistini zikifungana, vikoa vyote vinne vinalala kwenye bapa moja, maeneo hayo yanaachana hadi angstromu 40, na uwazi wa katikati unazidi mara mbili. Yaani sistini zikifungana, kimeng'enya kinafunguka. Someni tena sentensi hiyo, maana nimeshasahihisha mabango mawili yaliyoigeuza.

Sasa fikiria umechukua PDI iliyotoka kwenye safuwima ya nikeli juzi, imekaa kwenye bafa isiyo na chochote, hewa inaingia. Baadhi ya molekuli zimefungana, baadhi hazijafungana. Unapima ushikaji wa peptidi na unapata mkunjo wa grafu usioeleweka, halafu unaanza kutunga nadharia ya maeneo mawili ya kushika. Hakuna maeneo mawili. Kuna mchanganyiko ulioutengeneza mwenyewe.

Mtu ataniambia haya ni mambo ya maabara, kwenye seli ni tofauti. Kwenye seli ndiko yalikoanzia. Ndani ya retikulamu uwiano wa glutathioni (molekuli ndogo yenye sistini) iliyo huru kwa iliyofungana ni kati ya 1 kwa 1 na 3 kwa 1. Kwenye saitosoli, umajimaji wa seli, ni 30 kwa 1 na kuendelea hadi 100 kwa 1. Huo ni upimaji wa Hwang, Sinskey na Lodish, 1992, na bado tunautumia kutengeneza bafa zetu. Ero1, kimeng'enya kingine cha retikulamu, inaifunga PDI tena kila inapomaliza kazi, ikiacha haidrojeni peroksaidi. Na kuna kipindupindu, ambacho sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa na mtu. Sumu yake ikifika kwenye retikulamu lazima mnyororo wa A1 ukunjuliwe ili utoke kwenda saitosoli ukaharibu kazi za utumbo. Mwaka 2001 Tsai na wenzake, Boston, walionyesha kwamba PDI yenye sistini huru ndiyo inayoushika na kuukunjua mnyororo huo, na kwamba ikifungwa inauachia. Mwaka uliofuata Lumb na Bulleid wa Manchester wakahoji: je, kweli ni hali ya sistini inayoamua kushika na kuachia? Ugomvi mzuri kabisa wa kisayansi, na wote wawili walijua walikuwa wameweka nini kwenye bomba. Ninyi hamtaweza hata kuchagua upande ikiwa hamjui.

Namna ya kujua si ngumu. Zima mmenyuko kwa asidi, weka AMS au NEM, zinazoshika sistini zilizo huru, piga jeli bila DTT. Au tumia kitendanishi cha Ellman, kinachotoa rangi kwa kila sistini huru, kwenye protini iliyokunjuliwa: nanomita 412, kizidishi 14,150, sistini sita kwa molekuli ikiwa zote ziko huru. Lakini ondoa DTT kwanza kwa safuwima ya kuchujia chumvi, la sivyo unaipima DTT.

3. DTT inakufa.

Ikiwa pH 8.5 na joto la nyuzi 20, nusu yake imekwisha ndani ya saa moja na nusu hivi. Ile chupa mliyoichanganya Jumatatu ni maji. Gandisheni vijibomba vidogo, tumieni kimoja, tupeni. Usiiweke kwenye safuwima ya nikeli, itageuka kahawia. Na kwenye jeli, acha visima viwili vitupu kati ya sampuli yenye DTT na isiyo nayo.

4. Tazama kisima kwa macho kabla ya kutazama namba.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili ndilo linaloniuma, na kwa sababu mmoja wenu yuko njiani kulirudia.

Nilipoanza uzamili, habari za rutini zilikuwa bado za moto. Mwaka 2012 kundi la Boston lilionyesha kwamba kasetini-3-rutinosidi, ndiyo rutini, inaizuia PDI na inapunguza uundaji wa bonge la damu kwenye mishipa ya panya. Miaka minne kabla ya hapo ilikuwa imeonyeshwa kwamba PDI inayotoka nje ya seli, kwenye chembe sahani na ukuta wa mshipa, inahitajika ili bonge liundike. Sasa fikirieni kijana kama mimi. Kampaundi ya mmea, iliyomo kwenye chai na kwenye matunda, inazuia kimeng'enya kilichomo kwenye friza yetu. Na nje ya dirisha kuna nchi nzima yenye mitishamba. Nilitaka mmoja wa miti yetu uwe na jibu. Nawaambia hivyo waziwazi, kwa maana kutaka kule ndiko kulikonipofusha, na ninyi mnataka vilevile. Naona machoni mwenu.

Nilichagua magome ya mkoko. Mnajua kipimo cha insulini: PDI, DTT, insulini, vifungo vinavyounganisha minyororo ya A na B vinakatika, mnyororo wa B unaganda, mmumunyo unakuwa na ukungu, mashine inasoma kwenye nanomita 650. Kukiwa na kizuizi, ukungu unachelewa au hauji. Kwenye sahani yangu ya visima 96 kulikuwa na safu bila dondoo na safu zenye dondoo la magome kwa viwango vinavyopanda. Matokeo yalipotoka nilisimama kwenye kiti. Safu isiyo na dondoo ilipanda vizuri. Zenye dondoo zilitulia, na kadiri dondoo lilivyozidi ndivyo mstari ulivyolala. Nilipata nukta ya nusu ya uzuiaji nzuri kama ya vitabuni. Nilirudia, ikaja ileile. Nilirudia siku nyingine kwa PDI mpya, ikaja ileile. Niliyaona marudio yale kuwa ndiyo ushahidi.

Msimamizi alifurahi. Bango lilichapishwa. Mdogo wetu mmoja, binti makini kuliko wote niliopata kufanya nao kazi, akapewa mti ule uwe tasnifu yake: atenganishe dondoo, afuate uzuiaji sehemu kwa sehemu, aifikie kampaundi. Mimi ndiye niliyemfundisha kipimo. Nilimpa faili langu la mipangilio ya mashine kama lilivyo.

Alifanya kazi kwa bidii inayouma kuikumbuka. Safuwima baada ya safuwima, akikausha, akipima, akichora. Uzuiaji ulifuata sehemu zenye rangi ya kahawia nzito. Kila alipozisafisha zaidi, uzuiaji ulisambaa kwenye mirija mingi badala ya kujikusanya kwenye mmoja. Aliniuliza mara kadhaa kama hiyo ni kawaida. Nilimwambia huenda ni kampaundi kadhaa za familia moja. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Halafu mashine ya kusomea sahani ikaharibika taa. Ili asipoteze muda, akaamua kupima kwa kuveti moja moja kwenye spektrofotometa ya zamani. Akaniita. Alikuwa ametia insulini kwenye kuveti, akatia dondoo, na kabla ya PDI, kabla ya DTT, kuveti ilikuwa nyeupe. Akatingisha, ikabaki nyeupe. Akaniangalia bila kusema neno.

Nilikwenda kwenye kompyuta nikafungua namba ghafi za sahani yangu ya kwanza kabisa. Visima vyenye dondoo vilianza na usomaji mkubwa tangu dakika ya sifuri, vikabaki hapohapo. Insulini ilikuwa imekwisha kuganda yote kabla mashine haijafunga mlango wake. Lakini mipangilio niliyoiweka ilitoa usomaji wa kwanza wa kila kisima kutoka kwenye usomaji wote uliofuata, kwa hiyo kisima kilichokuwa kimejaa ukungu kiliandikwa sifuri, na kikaendelea kuwa sifuri. Nilikuwa nimechora kuganda kamili nikakuita kuzuia kamili. Kama ningeiinua ile sahani mara moja tu nikaitazama dhidi ya dirisha, ningeona.

Na jambo la tanini, iliyojaa kwenye magome yale na iliyoigandisha insulini, halikuwa siri. Magome ya mkoko yalivunwa delta ya Rufiji na kusafirishwa nje enzi za Wajerumani na Waingereza kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Kutengeneza ngozi ni kuifanya tanini ishike protini. Mtu yeyote wa pwani angeniambia magome yale yanafanya nini kwa ngozi ya mbuzi, na mimi ni wa pwani. Siku iliyofuata tulipitisha dondoo kwenye PVPP, inayonasa tanini, na uzuiaji ukatoweka wote. Hakikubaki chochote cha kufuatilia.

Binti yule alianza tasnifu nyingine. Ufadhili wake haukuongezwa muda, na ada ya muhula wa ziada walilipa nyumbani kwao, watu ambao sikuwahi kuwaona na ambao hawakuwa nazo za kuchezea. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu kwenye kikao, kwa sababu bango lilisomwa mbele ya wenzetu. Alinisamehe na leo ana maabara yake. Lakini muhula ule niliuchukua mimi.

Sasa, kontroli, vipimo vya kulinganishia. Dondoo na insulini peke yake, bila PDI wala DTT. Dondoo, insulini na DTT bila PDI, kwa sababu DTT yenyewe inakata insulini polepole na kampaundi nyingi hupigana na DTT badala ya kimeng'enya. Rudieni kukiwa na sabuni ya Triton X-100 kidogo, asilimia 0.01, ili kufumua mafungu ya kampaundi yanayonasa protini ovyo. Thibitisheni kwa kipimo kisichotegemea ukungu, kama kile cha di-eosini-GSSG, inayong'aa kifungo chake kikikatwa, mkikumbuka kwamba dondoo lenye rangi linaweza kufifisha mwanga. Na msitoe usomaji wa kwanza kabla hamjauangalia. Faili la mipangilio lililopo kwenye mashine sasa halitoi. Wiki iliyopita mtu alilirudisha kama zamani. Nimelirekebisha tena, na safari hii nitamtafuta.

5. Semeni mlichopima.

Kipimo cha insulini kinaonyesha ukataji wa vifungo. Jina la kimeng'enya ni isomerezi. Tofauti yake ndiyo historia yake yote: ribonukliezi, kimeng'enya kinachokata RNA, ina sistini nane, vifungo vinne, na kuna namna 105 za kuziunganisha sistini hizo mbili mbili. Kwenye kundi la Anfinsen, Bethesda, ribonukliezi iliyokunjuliwa ilijikunja yenyewe sawasawa hewani, lakini kwa saa nyingi, wakati seli haina muda huo. Wakatafuta kinachoharakisha, wakakikuta kwenye ini la panya mwaka 1963. Mwaka huohuo Venetianer na Straub wakakikuta Budapest kwenye kongosho la ndege. Kazi ya PDI pale ni ya fundi cherehani anayefumua mshono uliokosewa na kuushona upya mpaka nguo ikae. Kupima ufumuaji tu na kuandika kwamba "shughuli ya isomerezi imezuiwa" si kweli. Ribonukliezi iliyovurugwa ipo kwenye friza, droo ya pili. Itumieni.

6. Basitrasini.

Acheni kuitumia antibiotiki hii kuizuia PDI. Karala na Ruddock walishaonyesha mwaka 2010 kwamba si kizuizi maalumu cha PDI. Ikiwa hoja yenu nzima imesimama juu ya basitrasini, haijasimama.

7. PDI moja, ndugu ishirini.

Familia ina takriban washiriki ishirini kwa binadamu, na ERp57 inafanana na PDI kiasi cha kumdanganya mwenye haraka: a, b, b′, a′, CGHC mbili. Lakini b′ yake inashika kalneksini na kalretikulini, wasaidizi wengine wa kukunja protini, ilhali b′ ya PDI ndiyo mfuko mkuu wa kushika protini isiyokunjika. Kingamwili ya bei nafuu haijui tofauti hiyo. Iangalieni dhidi ya protini zote mbili tulizosafisha kabla ya kuitumia kwenye seli.

Na ule mkia wa KDEL: ukiweka lebo ya histidini nyuma yake, seli haiutambui tena na protini inatoka nje. Lebo iwekwe mbele, baada ya kile kipande kinachokatwa.

8. Msiahidi wagonjwa kitu kwenye utangulizi.

Nimesoma rasimu tatu zinazoanza na "PDI husababisha saratani, Alzheimer, Parkinson na kuganda kwa damu." Hazitofautishi. Cole-Carpenter ni badiliko la jeni lenyewe, sababu na matokeo. Parkinson na Alzheimer ni jambo jingine: mwaka 2006 Uehara na wenzake walikuta kwenye ubongo wa wagonjwa PDI ambayo sistini zake zimeshikwa na nitriki oksaidi, ikashindwa kuzikinga seli. Hapo kimeng'enya ni salama kwenye jeni lakini kimeharibiwa baada ya kutengenezwa, na tiba ingehitaji kukirudishia kazi. Kwenye kuganda kwa damu ni kinyume: PDI inafanya kazi yake vizuri mno nje ya seli na tunataka kuipunguza. Mtu akikuuliza kwenye utetezi wa tasnifu kama kizuizi chako ni kizuri kwa mgonjwa wa Parkinson, ujue cha kujibu.

Upande wa damu ndiko palikofika mbali. Isokasetini, ndugu wa rutini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani iliyofikia hatua ya juu, matokeo yakachapishwa 2019: waliopewa miligramu 1,000 kwa siku D-dimer yao, alama ya kuganda kwa damu, ilishuka. Kwa hiyo kijana wa zamani yule hakukosea kutumaini mimea. Na mmoja wenu mwenye dondoo la majani kwenye friza, unayeniepuka kwenye korido tangu Jumatano: sijasema uache. Leta sahani yako Jumatatu asubuhi, na usomaji wa kwanza wa kila kisima, na PVPP nitakupimia mimi. Tukikuta uzuiaji umebaki baada ya hapo, safuwima ya LH-20, ile ya kutenganishia kampaundi, ni yako kwa mwezi mzima na nitawazuia wengine wasiiguse.